Ndoo ya Maziwa na Ukoo wa Bakteria

Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa



Katibu wa Chama aliponiandikia kuniomba nizungumze alinipa masharti mawili. La kwanza, nisizidi nusu saa, kwa kuwa wapishi hawangoji. La pili, nisizungumze kazi za Serikali kwa lugha ya Serikali. Hili la pili ni gumu kwa mtu aliyekaa maofisini miaka kumi na minane, lakini nitajitahidi. Kazi yangu inahusu maabara za hospitali. Siku hizi si mimi ninayeshika darubini. Mimi ni yule anayepokea maombi ya vifaa, akayapunguza, kisha akalaumiwa. Hata hivyo nilisomea elimu ya vijidudu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilisoma biolojia hapa hapa, katika chumba kile cha mwisho upande wa mlimani, ambako mvua za masika zikinyesha mwalimu alikuwa akiandika ubaoni tu, maana sauti haikusikika kwa kelele za bati.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: namna wataalamu wanavyoweza kujua kama bakteria aliyempata mgonjwa huyu ndiye yule yule aliyempata mgonjwa wa kitanda cha pili, au ni mwingine ambaye jina lake limefanana tu.

Chukueni mfano wa wodi ya watoto wachanga. Katika juma moja watoto watano wanapata homa, wanaacha kunyonya, wanalegea. Damu yao inachukuliwa, inaoteshwa maabara, na majibu yanarudi kuwa wote watano wana bakteria wa jina moja. Je, muuguzi wa zamu afanye nini? Yapo mambo mawili yanayowezekana, wala hayafanani hata kidogo. Huenda kila mtoto amempata bakteria wake mahali pake, huyu kwa mama yake, yule kabla hajafikishwa hospitali, na majina kufanana ni kwa sababu bakteria hao wapo kila mahali. Ikiwa ndivyo, kila mtoto atibiwe kivyake, na wodi haina lawama kubwa. Au huenda ni bakteria mmoja, wa uzao mmoja, anayetembea kutoka kitanda hadi kitanda kwa kupitia kitu fulani: mkono, mrija, sinki, chombo. Ikiwa ni hivyo, hata ukiwatibu wote watano leo ukafaulu, juma lijalo watalala pale wengine watano, kwa sababu kile kitu hakijaondoka.

Jina la bakteria peke yake haliwezi kukata shauri hilo. Nendeni stendi ya Msamvu saa ya mabasi ya asubuhi, mwite "Juma!" kwa sauti kubwa, mtaona ni watu wangapi watakaogeuka. Polisi anayemtafuta Juma mmoja hawezi kuridhika na jina. Atataka alama za vidole. Basi kazi ninayoizungumzia ni ya kuchukua alama za vidole za bakteria, na alama hizo zimo katika vinasaba vyake.

Sasa nitawaomba tuondoke Morogoro kidogo twende Mwanza, kwa kuwa kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko vingine vyote ninavyovijua katika nchi yetu kilitokea huko, katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2011 na Daktari Stephen Mshana, ambaye sasa ni Profesa, pamoja na wenzake wa Mwanza, na wengine wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani.

Katika wodi ya watoto wachanga palitokea maambukizo ya damu, na bakteria kumi na saba waliopatikana katika damu ya watoto hao wakachunguzwa. Vipimo vya kwanza vilikuwa vile ambavyo maabara nyingi duniani hutumia: kutazama ni sukari zipi bakteria anazichachusha, na kuona kama anagandana akikutanishwa na dawa ya kumtambulisha. Vipimo vikasema kwamba huyu ni Salmonella wa paratifoidi. Ndugu zangu, jibu hilo lilikuwa na sura nzuri kabisa ya jibu. Lina jina, lina maelezo vitabuni, na mtu yeyote aliyesoma anajua la kufanya akiambiwa paratifoidi: hutazama maji ya kunywa, chakula, na watu waliowahi kuugua wakabaki na vimelea. Lakini halikuwa kweli. Aliyekuwamo ndani ya damu ile alikuwa wa jamii nyingine, jamii ya Enterobacter.

Waliendelea mbele wakapima vinasaba vyenyewe, kwa njia iliyobuniwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1984, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoanzishwa hapa mjini kwetu. Nitaieleza polepole kwa ajili ya Kidato cha Tatu na cha Nne. Bakteria hufungiwa ndani ya vipande vidogo vya jeli, na jeli yenyewe hutokana na mwani wa baharini. Si mwani ule unaolimwa Paje na Jambiani, ila ni wa jamaa zake. Humo ndani ya jeli ganda la bakteria huyeyushwa, vinasaba vikabaki vizima, visikatikekatike ovyo. Kisha hutiwa kimeng'enya ambacho hukata pale tu anapokuta neno fulani limeandikwa, kama fundi aliyeambiwa akate uzi kila anapoona fundo jekundu. Ukiwa na bakteria wawili wa uzao mmoja, mafundo yao yako mahali pamoja, hivyo vipande vitakuwa na urefu mmoja. Wakiwa wa uzao mbalimbali, vipande vitatofautiana. Vipande hivyo husukumwa kwa umeme ndani ya jeli nyingine, na umeme huo hugeuzwageuzwa mwelekeo ili vile virefu sana navyo vipate kujinyoosha na kupita. Vifupi hutangulia, virefu huchelewa. Baada ya saa nyingi unapata mistari iliyopangana kama ya kikoi, na kila bakteria ana kikoi chake.

Vikoi vya bakteria wa Bugando viliwekwa pamoja vikatazamwa, navyo vikaonyesha uzao mmoja. Maana yake ni kwamba watoto wale hawakuleta kila mmoja ugonjwa wake. Kulikuwa na kitu kilichowaunganisha. Wachunguzi walipochukua vipimo vya mazingira walimkuta bakteria yule yule, mwenye kikoi kile kile, katika ndoo ya maziwa.

Nitasimama kidogo hapa kwenye ndoo hii. Mashine zile, na safari ya vipimo mpaka Ujerumani, na majina ya vimeng'enya ambayo hata mimi hunitoka kichwani, vyote hivyo vilituongoza mpaka kwenye ndoo, chombo ambacho kila mama hapa Morogoro anacho na anajua namna ya kukisugua. Wako watu, tena wenye vyeo, ambao wakisikia mwisho huu hucheka na kusema: kumbe fedha zote zile zilitumika ili tujue kuosha ndoo? Mimi nawauliza, ndoo ipi? Wodini mna ndoo, mna sinki, mna mirija, mna mikono ya watu ishirini wanaopishana kwa zamu usiku na mchana, mna nguo za akina mama na meza ya dawa. Unaweza kusugua vyote kwa siku mbili ukachoka, siku ya tatu ukaacha kimoja tu, na kikawa ndicho chenyewe. Katika maambukizo yale, kati ya kila watoto watatu waliougua alikufa zaidi ya mmoja: asilimia 35. Kwa hesabu ya namna hiyo mtu hawezi kusubiri bahati imwonyeshe ndoo.

Baada ya hapo hatua za kuzuia ziliwekwa. Na yule bakteria, kwa kuwa hakufanana sawasawa na wenzake waliojulikana, aliendelea kuchunguzwa mpaka mwaka 2016 akatambuliwa rasmi kuwa ni spishi mpya, akapewa jina Enterobacter bugandensis. Hivyo jina la kilima cha Bugando limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, ingawa kwa sifa ambayo hakuna hospitali ingeitamani. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa bakteria wa spishi hiyo wamepatikana katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, chooni na kwenye kifaa cha mazoezi, katika vipimo vilivyochukuliwa mwaka 2015. Msikimbilie kusema kwamba bakteria wa Mwanza amepanda roketi. Hiyo ndiyo ile habari ya Juma wa Msamvu: spishi ni moja, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba wale wa angani wametokana na wale wa Mwanza. Anayeshika tofauti hiyo ameshika nusu ya hotuba yangu.

Nusu ya pili nitaieleza kwa kuwategemea Waluguru mliomo humu. Tunajua sote kuwa Mluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto wa dada yako ni wa ukoo wako. Mtoto wa kaka yako ni wa ukoo wa mkewe, hata kama mnafanana pua na masikio. Bakteria naye ni wa upande wa mama tu, tena kupita Waluguru, maana hana baba kabisa. Mama hujigawa akawa wawili, na kila binti hupewa nakala nzima ya urithi. Mara moja moja mwandishi wa nakala hukosea herufi moja, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vyote vinavyofuata. Kwa hiyo ukisoma herufi zote za bakteria wawili, ambazo kwa hawa wa tumboni ni kama milioni tano hivi, ukahesabu tofauti, waweza kukadiria mama yao wa pamoja aliishi lini. Tofauti zikiwa chache mno, wametengana majuzi, pengine ndani ya wodi ile ile. Zikiwa maelfu, ni ndugu wa mbali ambao hawajaonana tangu babu zetu hawajashuka kutoka Kinole.

Lakini bakteria wana jambo jingine ambalo ukoo hauwezi kulieleza, nalo ni kuazimana. Mbali na urithi wa mama, bakteria wengi hubeba vijiduara vya vinasaba viitwavyo plazimidi, na hivi hupitishwa kutoka kwa jirani mpaka kwa jirani hata kama si wa ukoo mmoja, kama watu wa kijijini wanavyoazimana jembe kupitia uani. Bakteria wa Bugando alikuwa na plazimidi yenye herufi kama 291,000, na ndani yake mlikuwa na jeni iitwayo CTX-M-15, ambayo humpa uwezo wa kuvunja dawa za jamii ya seftriaksoni. Nadhani hakuna mtu mzima humu ambaye hajasikia sindano ya seftriaksoni, kwani ndiyo hospitali nyingi hukimbilia mgonjwa akizidiwa. Kati ya dawa zilizojaribiwa, zilizobaki na nguvu zilikuwa siprofloksasini na zile za jamii ya karbapenemu. Ya kwanza si dawa ya kumpa mtoto mchanga bila kufikiri mara mbili, na za pili bei yake naijua mimi ninayepitisha makaratasi.

Kwa hiyo mpimaji mzuri huuliza maswali mawili. Huyu bakteria ni wa ukoo gani? Na jembe alilobeba ameazima kwa nani? Mwaka 2013 Profesa Mshana na wenzake walichapisha kazi nyingine, safari hii juu ya bakteria aitwaye Klebsiella katika watoto wachanga, wakaonyesha kuwa ukoo uliotawala ni ule uliopewa namba 14, nao ulikuwa umebeba jembe lile lile, CTX-M-15. Ukoo mwingine, jembe moja. Hapo mtu hawezi tena kusema tatizo ni ndoo peke yake.

Msifikiri haya ni ya Mwanza tu. Dar es Salaam, katika Hospitali ya Muhimbili, mwaka 2001 na 2002 walifuatiliwa watoto 1,828 waliolazwa. Waliokuwa na malaria walikufa asilimia 20.2. Waliokuwa katika damu na bakteria wa kundi hili ninalolizungumzia walikufa asilimia 43.5, yaani zaidi ya mara mbili. Sisi tuliokulia kwenye mbu wa bonde la Ngerengere tumefundishwa kuogopa malaria, na ni sawa. Hiki kingine hatukufundishwa, kwa sababu hakionekani mpaka damu ioteshwe, na mahali ambapo damu haioteshwi mtoto huandikwa "homa kali", akazikwa.

Na hapa kwetu chini ya Uluguru? Tunayo mawili ya kusema.

La kwanza ni homa ya mgunda, ambayo wengi wenu mlilisikia jina lake mwaka 2022, ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi wakaugua watu ishirini na kufa watatu. Bakteria wake, Leptospira, hutoka katika mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine, akaingia mwilini kupitia maji na tope. Miaka mingi kabla ya Ruangwa watafiti wa SUA walikuwa wakimfuata bakteria huyo hapa Morogoro, wakampata katika panya buku na katika ng'ombe. Mwaka 2006 walitangaza pamoja na wenzao wa Uholanzi aina mpya iliyotoka kwa ng'ombe wa wilaya yetu, wakaiita Sokoine. Pengine ajabu kidogo kwamba jina la kiongozi aliyefariki dunia kwenye barabara ya Dodoma, pale Wami-Dakawa, mwaka 1984, limo katika orodha ya bakteria. Lakini ni jina la chuo pia, na chuo kililitumia kwa heshima. Faida yake si heshima tu. Mgonjwa anapopimwa, damu yake hukutanishwa na aina zinazojulikana. Kama aina ya kwetu haimo katika sanduku la vipimo lililotoka ng'ambo, mkulima wa mpunga huambiwa hana ugonjwa, hali anao.

Panya buku nao wanastahili neno moja, maana wageni wetu huwa wanawauliza. Wale waliofunzwa SUA kunusa makohozi hutambua kifua kikuu haraka sana, nami nawavulia kofia. Lakini panya husema "yupo". Hawezi kusema ni nani, wala ametoka nyumba ipi.

La pili ni kipindupindu. Kiliingia Tanzania mwaka 1974, na wazee waliomo humu wanaikumbuka ile miaka ya 1977 na 1978. Mwaka 2015 kilianza tena Dar es Salaam mwezi wa Agosti, kikapanda barabara mpaka kwetu na kwingineko, na hadi mwaka 2018 walikuwa wameugua watu zaidi ya 30,000 Tanzania Bara na kufa zaidi ya 500. Kwa miaka mingi palikuwa na mawazo kuwa mdudu huyu amekaa tu katika maji yetu, akisubiri mvua. Mwaka 2017 ikachapishwa kazi kubwa iliyosoma vinasaba vya bakteria wa kipindupindu zaidi ya elfu moja kutoka Afrika, wengine wakiwa wametunzwa tangu zamani. Ikaonekana kwamba uzao unaoleta milipuko mikubwa umeingizwa Afrika si mara moja bali angalau mara kumi na moja tangu mwaka 1970, nao asili yake ni Asia. Mwaka 2019 wakaongeza kwamba uzao uliowaangamiza watu wa Yemeni ulianzia Asia ya Kusini, ukaleta milipuko Afrika Mashariki, ndipo ukatokea Yemeni. Yaani ugonjwa huu husafiri na watu. Basi hatuna haki ya kuyalaumu maji ya Mungu yanayotoka Uluguru safi kama yalivyo. Tujiulize tunayafanya nini yakishafika mjini.

Ninachowaomba mkione katika habari hiyo ni zile chupa. Ili mtu asome bakteria wa miaka arobaini iliyopita, hapana budi mtu mwingine, katika maabara isiyo na sifa yoyote, awe alimwotesha, akaandika tarehe na mahali, akamweka kwenye baridi, na aliyemfuatia kazini asimtupe. Nimeingia katika maabara nyingi za nchi hii kwa miaka kumi na minane. Watu wa namna hiyo wapo, hawapandishwi vyeo haraka, na umeme ukikatika usiku huja kwa baiskeli kuangalia jokofu.

Sasa nije kwenye pingamizi moja, kwa sababu najua kaka yangu mmoja aliyekaa mstari wa mbele, ambaye ni daktari, ataliuliza. Atasema: wodi nyingine hazina sabuni, na wewe unatuletea habari za kusoma herufi milioni tano? Jibu langu ni kwamba kama fedha ni za kitu kimoja, nunua sabuni. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema vingine. Ila fedha si za kitu kimoja. Wizara ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2028. Na kazi ya kusoma vinasaba si ya kusafirisha Ujerumani tena. Hapa mjini, SUA, kipo kituo cha SACIDS kinachochunguza magonjwa ya watu na ya wanyama kwa pamoja, na kazi hiyo inafanyika humo, Moshi inafanyika, siku hizi kuna mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha mwanzo kabisa, yaani damu yenyewe. Mgonjwa anafika hospitali akiwa amekwisha kumeza vidonge vya aina tatu vya duka la dawa la mtaani kwao. Au anapewa sindano kwanza, ndipo watu wakakumbuka kuchukua damu. Damu hiyo ikioteshwa haitoi kitu, na mashine yoyote duniani, iwe kubwa au ya kiganjani, haina cha kusoma. Chupa ya damu ichukuliwe kabla ya sindano: dakika tano. Hilo silisemi kwa madaktari tu. Ninyi wadogo zetu, mama au mdogo wako akilazwa, una haki ya kuuliza kwa adabu, "Shikamoo daktari, je, damu ya kuotesha imechukuliwa?" Atakayekasirika atakasirika.

Na vile vidonge vya mtaani, mnavijua wenyewe. Mnavinywa kwa mafua. Unakunywa viwili, unapata nafuu ambayo ungeipata hata kwa chai ya tangawizi ya Mgeta, vilivyobaki unamwachia mwenzako wa kitanda cha juu. Kila kidonge cha namna hiyo huwaua bakteria wasio na jembe, na kuwaachia shamba wale walio nalo.

Kwa wanaofikiria maisha baada ya Kidato cha Sita: kazi hii inataka watu wa aina nyingi kuliko mnavyodhani. Anatakiwa muuguzi, anatakiwa mtaalamu wa maabara, anatakiwa daktari wa mifugo, na siku hizi anatakiwa sana mtu wa hisabati na kompyuta, maana mashine hutema herufi kwa saa moja ambazo mtu hawezi kuzisoma kwa maisha yake yote. Mvulana anayeona biolojia ni ya kukariri na hisabati ni ya kuteseka ajue kwamba hapa zimeoana. Wala asiogope kwamba kila kitu kimekwisha kugunduliwa. Ndoo ile ya Mwanza ilitoa spishi isiyojulikana duniani.

Ndugu Mwenyekiti, saa inakwenda, nami naisikia harufu ya pilau. Namalizia na ajenda ya kesho. Katika karatasi tulizogawiwa kuna mapendekezo mawili juu ya fedha za Chama: lango jipya la shule lenye majina ya waliochangia, na ukarabati wa maabara ya biolojia. Nimeitembelea maabara hiyo leo asubuhi kwa idhini ya Mkuu wa Shule. Darubini ni sita, mbili zina lenzi, moja ina kioo cha kuakisi mwanga. Hakuna kabati la kuoteshea vijidudu. Jokofu lipo, limehifadhi chaki. Nimefanya hesabu kwa bei za ofisini kwetu, ambazo nazijua: darubini nne, kabati moja dogo la kuoteshea, sufuria ya mvuke ya kuulia vijidudu, na fundi wa jokofu, vyote vinaenea ndani ya fedha za lango, na zinabaki za rangi. Karatasi ya hesabu nimempa Katibu. Kura yangu kesho itakuwa ya maabara, na walimu wa biolojia wamekubali kwamba kazi ya kwanza itakuwa kuotesha kile kilichomo katika matangi yetu ya maji ya bwenini.

 Nipo tayari kwa maswali, na yule kaka yangu daktari aanze.